Shangazi Avuka Mtaro

Siku Mtaalamu alipokutana na Shangazi, alikuwa anakimbia. Hakuwa anakimbia mvua, ingawa mvua nayo ilikuwa inamwagika. Alikuwa anamkimbia bwana mmoja mnene ambaye wiki iliyotangulia alinunua kwake kibanda, tena cha kona, katika soko ambalo bado halijajengwa.

Tusimwonee mtu. Mtaalamu hakuwa mwizi. Mwizi huchukua kitu chako bila wewe kutaka, lakini Mtaalamu alikuwa anapewa, tena kwa mikono miwili, na mara nyingine akabembelezwa apokee. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu alishakuwa mtaalamu wa visima, wa viza, wa ugonjwa wa kideri wa kuku na wa nyufa za kuta, na katika fani zote hizo hakuwahi kurudi kwa mteja mara ya pili. Mali yake ilikuwa shati jeupe, koti la buluu lenye mfuko wa ndani, na ulimi ambao ungeweza kumuuzia samaki maji.

Basi akapenya kwenye uzio wa mabati uliotoboka, akajikuta ndani ya karakana ya zamani ya reli. Paa lilikuwa linavuja, na sakafu ilikuwa nyeusi kwa grisi ya miaka na miaka. Katikati, juu ya reli mbili nyembamba zilizokaribiana kuliko miguu ya meza ya kulia chakula, kilikaa kichwa cha treni cha mvuke. Kilikuwa kidogo, kinene, kimepakwa rangi ya kijani na kung'arishwa mpaka mtu angeweza kunyoa ndevu mbele yake, na kilikuwa kinafuka moshi.

Mtaalamu, maji yakimtiririka hadi kwenye soksi, aliona joto. Akaweka mguu kwenye kidaraja cha kupandia.

"Wewe! Shuka!"

Alitokea mama mmoja wa makamo ya juu, amevaa ovaroli juu ya gauni, mkononi ana chuma kirefu cha kukwangulia majivu. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua, ilionekana kwa mwendo wake, lakini chuma hakikuwa kinamsumbua hata kidogo.

"Samahani mama, nilikuwa nataka kujipasha tu."

"Moto ukiwaka hapandi mtu ila wa zamu. Na wa zamu hashuki mpaka moto ufe. Hiyo ndiyo sheria ya humu ndani, na haijali mtu amelowa au amekauka."

"Hata kama akiitwa na mkewe?"

"Mkewe nilikuwa mimi," alisema yule mama. "Sikumwita hata siku moja."

Hivyo ndivyo Mtaalamu alivyomjua Mama Boila, fundi mstaafu wa maboila, mjane wa mchochea moto wa mwisho wa kichwa kile. Dirishani mwa kibanda cha dereva ukachomoza uso wa pili, wa Mzee Honi, dereva mstaafu, mgongo umempinda lakini kofia yake ya kazi imenyooka. Marehemu alikuwa rafiki yake wa maisha, kwa hiyo Mama Boila alimwita shemeji, na mashemeji hao walikuwa wanagombana kuanzia asubuhi mpaka jioni kuhusu grisi.

"Na huyu ni nani?" Mtaalamu aliuliza, akikipigapiga kichwa cha treni ubavuni.

"Huyu ni Shangazi," alisema Mzee Honi. "Tulimwita hivyo kwa sababu akija unamsikia kutoka mbali, na akifika kila mtu anasimama. Punguza makofi, hapendi."

Walimpa kikombe cha chai na kigoda, na kama ilivyo kwa watu wanaopenda kitu, walimweleza yote bila kuombwa. Reli nyembamba ilipofungwa, Shangazi aliachwa pale aoze. Wao wawili walimtengeneza bomba kwa bomba, parafujo kwa parafujo, kwa miaka ambayo walishaacha kuihesabu. Kila Jumamosi walimwasha, wakamsogeza kidogo mbele, kidogo nyuma, basi. Hakuweza kwenda kokote, maana nje tu ya karakana kulikuwa na mtaro mpana, na daraja dogo la chuma lililokuwa juu ya mtaro ule lilitoweka usiku mmoja lote zima. Ng'ambo ya mtaro reli ilikuwa bado ipo, inapita kituo cha zamani mpaka bustani ya mji, na mkuu wa bustani alishasema Shangazi akifika kule atapewa banda na mabehewa, na atabeba watoto mpaka mwisho wa dunia.

"Shida ni kufika," alisema Mama Boila. "Kiwanja hiki kimeuzwa. Mwisho wa mwezi kila kitakachobaki ndani ni mali ya mnunuzi, na mnunuzi anataka maghala. Atamkata vipande."

Mzee Honi alitoa kitambaa mfukoni, akaanza kufuta sehemu ambayo ilikuwa safi tayari. Ilimuuma, na hakuona haya kuonyesha kwamba inamuuma.

Sasa mtu mwingine yeyote hapo angepata donge kooni. Mtaalamu naye alipata kitu, ila chake kilikuwa kichwani. Aliangalia bomba la shaba, mikanda ya shaba, honi ya shaba, akauliza kwa upole wa mtoto wa kipaimara, "Na humo ndani, kwenye tanuri?"

"Shaba nyekundu tupu," alisema Mama Boila kwa fahari. "Nene kama kidole."

Mvua ikakatika hapo hapo. Mtaalamu alishukuru kwa chai, akaondoka bila kuangalia nyuma, na yule bwana mnene wa kibanda cha kona alikuwa ameshamtoka akilini.

Upande wa pili wa mji palikuwa na uwanja wa vyuma chakavu, na mwenye uwanja huo aliitwa Bwana Mizani, kwa sababu mizani yake ilikuwa na ugonjwa wa kusahau kilo za watu. Alikuwa tajiri, na alikuwa anaugua kila mara mtu mwingine alipopata faida.

"Kichwa cha treni," alisema Mtaalamu, amekaa mguu juu ya mguu. "Kizima. Tanuri la shaba nyekundu."

Bwana Mizani aliacha kutafuna. "Cha nani?"

"Cha serikali."

"Cha serikali hakinunuliwi."

"Ndiyo maana bei yake ni ndogo."

Hoja hiyo Bwana Mizani aliipenda. "Una karatasi?"

"Mzee, unataka karatasi au unataka shaba? Karatasi zipo nyingi pale sokoni, wanafungia vitumbua. Mimi ndiye wakala. Wanakitoa kimya kimya kabla kiwanja hakijabadilisha mkono. Wewe lete kreni na tela, nusu unanipa kabla, nusu kikishalala kwenye tela."

"Na wale wazee wanaokilinda?"

"Wazee watakusaidia kukipakia," alisema Mtaalamu, "na watakuombea dua."

Huo ndio ulikuwa utamu wa mpango wenyewe, na Mtaalamu aliulamba usiku kucha kama mtu aliyepewa asali ya bure. Kwa wazee angekuwa mfadhili anayemhamisha Shangazi kwenda bustanini. Kwa Bwana Mizani angekuwa wakala anayemhamisha Shangazi kwenda kwenye tanuri la kuyeyushia. Pande zote mbili zingesukuma kichwa kile kile, kwa furaha ile ile, na yeye angekuwa katikati akipokea.

Kesho yake, saa mbili kamili asubuhi, aliingia karakana kwa mlango wa mbele, koti limepigwa pasi, kwapani ana jalada la plastiki.

"Jana sikujitambulisha, mnisamehe," alisema. "Ninatoka Mfuko wa Urithi wa Reli Nyembamba. Niliwasilisha habari zenu jana hiyo hiyo jioni. Imepita. Mfadhili amepatikana, ana kreni, na hamtatoa hata senti."

Mama Boila alimtazama. "Jana hiyo hiyo?"

"Sisi tunajali muda, mama."

"Na leo umekuja mwenyewe? Saa mbili?"

"Kamili."

Mama Boila na Mzee Honi walitazamana kwa muda. Mtaalamu aliuona mtazamo ule, akautafsiri kama shukrani iliyokosa maneno. Alikuwa na uzoefu mkubwa wa kusoma nyuso za watu, lakini siku hiyo hakuvaa miwani.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema Mama Boila hatimaye. "Kwa kweli sisi tulikuwa tunaomba vitu viwili tu. Cha kwanza kreni ya kumvusha mtaro. Cha pili mtu wa mikono. Shemeji mgongo umekwisha, mimi magoti. Tukimwasha hapa ndani tunajikongoja, lakini safari ya kweli inataka mtu wa kutupia kuni bila kupumzika." Akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama anachagua papai. "Una mikono mizuri."

Mtaalamu hakuwahi kusifiwa mikono. Siku zote ilikuwa mdomo. Alijisikia vizuri kuliko alivyotarajia, akacheka, akasema watu wa Mfuko huwa wanafanya mazoezi.

Siku chache baadaye akamleta "mfadhili" aone. Bwana Mizani alizunguka Shangazi, akagonga kwa kifundo cha kidole, akainama, akatoa msumari mfukoni, akakwaruza mkanda wa shaba kuona kama ni wa kweli. Mzee Honi alishtuka kana kwamba amekwaruzwa yeye.

"Mfadhili anapenda vitu vya kale," Mtaalamu aliwahi kusema.

"Naona," alisema Mama Boila. "Amekuja na msumari wake."

Ndipo yeye mwenyewe akaeleza kazi itakavyokwenda. Kreni isimame barabarani, imnyanyue Shangazi na kumvusha mtaro, imkalishe kwenye reli ya ng'ambo. Tela lisisogee pale, kuna tope, litazama. Lisubiri kule kituo cha zamani, ambako jukwaa la mizigo liko usawa na tela, kichwa kinaingia chenyewe bila kunyanyuliwa mara ya pili. Shangazi atakwenda kituoni kwa moto wake.

"Kwa moto wake?" Bwana Mizani alikunja uso.

Mtaalamu akamvuta pembeni. "Waache wawashe. Wanataka kumuaga. Halafu piga hesabu, mzee: chuma kinajipeleka chenyewe kwenye tela lako, kwa kuni zao."

Chuma kinachojipeleka chenyewe! Bwana Mizani alikunjua uso. Akauliza tu kama kuni zitakazobaki zinaweza kuwa zake.

"Na kutoka kituoni mpaka bustanini?" Mzee Honi aliuliza kwa sauti, akitegesha sikio.

"Reli ya kule mbele ni mbovu, mzee wangu, imemezwa na nyasi," Mtaalamu akamjibu kwa huzuni ya kitaalamu. "Tumeipima. Tela litammalizia safari."

"Ahaa," alisema Mzee Honi. Alikuwa amesimama ameegemea panga, na panga lenyewe lilikuwa limegandwa na vipande vya majani mabichi, lakini nani anaangalia panga la mzee?

Siku ikafika. Kreni ya Bwana Mizani ilikuja asubuhi ikinguruma, ikamvuta Shangazi nje ya karakana, ikapachikwa minyororo, na Mama Boila akazunguka akiweka magunia kila mahali ambapo mnyororo ungegusa rangi. Shangazi aliponyanyuka kutoka ardhini, Mzee Honi alivua kofia. Muda wote kichwa kile kilipokuwa kinaning'inia juu ya mtaro, kikijipinda taratibu kulia na kushoto, hakuna mtu aliyepumua, hata Bwana Mizani, ambaye alikuwa anaogopa shaba isije ikaanguka majini. Kisha magurudumu yakagusa reli ya ng'ambo, yakakaa. Mama Boila akaketi chini pale pale kwenye kokoto, akalia bila kujificha.

"Tumevuka, shemeji," alisema.

"Tumevuka," Mzee Honi akajibu, naye sauti haikuwa yake.

Mtaalamu alijiona kama mtu aliyealikwa harusi isiyomhusu. Lakini Bwana Mizani alishamsogelea, akachomeka bahasha nene kwenye mfuko wa ndani wa koti la buluu, akasema, "Nusu. Nyingine kituoni," akaondoka kwenda kungoja kule kwenye tela. Bahasha ilikuwa na uzito mzuri. Mtu mwenye akili angeomba njia akala kona papo hapo. Mtaalamu alikuwa na akili, ila alikuwa pia na tamaa, na nusu ya pili ilikuwa inamwita kwa jina.

"Mgeni wetu wa heshima," alisema Mama Boila, amesimama tena, macho yamekauka, mkononi ana kiberiti. "Tafadhali. Safari ya kwanza haiwashwi na mwenyeji."

"Mimi?"

"Kama si wewe, Shangazi angekuwa wapi leo?"

Heshima ni kitu kibaya, inamfanya mtu asifikiri. Mtaalamu alipanda, akawasha njiti, akaitupa kwenye vitambaa vyenye mafuta, na moto ukapokea kwa kishindo. Akageuka ashuke huku akijipangusa viganja. Mzee Honi alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, na pamoja na mgongo wake wote, mlango ulikuwa umejaa.

"Unakwenda wapi?"

"Chini, mzee."

"Moto nani kauwasha?"

Mtaalamu alikumbuka mvua, kidaraja, na kile chuma cha majivu. "Lakini mimi ni mgeni wa heshima."

"Aliyewasha ndiye wa zamu. Wa zamu hashuki mpaka moto ufe. Boila si sufuria ya maharage, ukiliacha peke yake likakosa maji litaturusha sote mpaka mjini. Usiogope, ni mpaka kituoni tu. Tupia kuni."

Ni mpaka kituoni tu. Na kituoni ndiko kulikokuwa na nusu ya pili. Mtaalamu alipima, akaona hasara haipo.

"Vua koti basi, litaungua," Mama Boila aliita kutoka chini, akimnyooshea ovaroli. "Vaa hii, ya marehemu. Inakutosha."

Hapo Mtaalamu alisita. Ovaroli ile mifuko yake yote ilikuwa imetobolewa na cheche, na bahasha haiwezi kukaa kwenye mfuko ambao mkono unapita mpaka gotini. Akamtazama yule mama, magoti mabovu, machozi bado yameacha michirizi shavuni, ameyaamini maneno yake yote tangu siku ya kwanza. Kama kuna mahali salama duniani, aliwaza, ni kwa mtu niliyekwisha kumdanganya. Akampa koti.

"Litunze, mama."

"Kama mboni ya jicho," alisema Mama Boila, akalikunja kifuani, akasimamisha pikipiki barabarani, akapanda, akaenda zake.

Kilichofuata hakimo katika ndoto za mtu mwenye shati jeupe. Kumbe maji ya boila hayana haraka. Mtaalamu alitupia kuni, Mzee Honi akaangalia geji ya mvuke, akasema, "Bado." Akatupia tena. "Bado." Nyusi ziliungua. Shati likawa la kahawia, kisha jeusi, kisha likaacha kuwa shati. Mikono ilitoa malengelenge mahali ambapo hakujua kama palikuwa sehemu ya mwili wake.

"Mzee, hii kazi marehemu aliifanya miaka mingapi?"

"Mpaka alipokufa. Na alikuwa anaimba. Wewe mbona huimbi?"

"Nimemeza moshi."

"Bado," alisema Mzee Honi.

Jua lilikuwa limeshapita utosini sindano ya geji ilipofika panapotakiwa. Mzee Honi alijiweka sawa kofia, akashika kamba, akavuta. Honi ya Shangazi ilitoka kwa sauti ambayo mji ule haukuisikia kwa muda mrefu, watu wakatoka madukani na madirishani, na mbwa wote wakakubaliana kubweka. Kisha akasukuma mkono wa chuma. Shangazi akakohoa, akatikisika, akaanza kwenda.

Na hapa lazima tuseme jambo ambalo Mtaalamu mwenyewe baadaye alilikana. Alicheka. Upepo ulimpiga usoni, nyumba zikaanza kurudi nyuma, akina mama wakapunga khanga, na yeye, mwenye deni la kibanda cha kona, aliyeishi kwa kukimbia, kwa mara ya kwanza alikuwa anakwenda mahali huku watu wakimpungia mkono. Akatupia kuni bila kuambiwa.

Kituo cha zamani kikatokea. Jukwaa hilo. Tela hilo. Na Bwana Mizani huyo, amesimama kwapani ana bahasha ya pili, akitabasamu kama mtu anayepokea mahari.

"Tumefika, mzee," alisema Mtaalamu. "Funga breki."

Mzee Honi alivuta honi.

"Mzee! Breki!"

"Nimesikia."

Shangazi alipita jukwaa kwa mwendo wa heshima, si wa haraka wala wa pole. Bwana Mizani alipunga mkono kwanza, akidhani kinapita kidogo ili kirudi nyuma. Kisha tabasamu likamtoka. Kisha alianza kukimbia sambamba na kibanda, akipiga kelele, "Wakala! Wakala! Simamisha!" na Mtaalamu, uso mweusi, kuni mkononi, akamwonyesha kwa ishara kwamba na yeye yuko safarini. Jukwaa likaisha. Bwana Mizani akakaribia kuisha nalo, akajishika kwenye nguzo, akarudi mbio kwenye lori.

"Mzee, reli ya huku mbovu! Ina nyasi!"

"Ilikuwa na nyasi," alisema Mzee Honi kwa utulivu. "Mwezi mzima huu nimezifyeka. Tupia kuni, kuna mwinuko."

Mtaalamu aliketi juu ya rundo la kuni. "Mlijua," alisema.

"Tulijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Saa mbili kamili."

"Nilikosea nini? Niambie, mzee, mimi ni mtu wa kujifunza. Ni jalada? Ni lile jina la Mfuko?"

Mzee Honi alitoa kichwa dirishani, akaangalia mbele, akakirudisha. "Mwanangu, mimi nimefuatilia pensheni yangu ofisini tangu nywele zikiwa nyeusi. Hakuna ofisi duniani inayopelekewa habari jioni ikajibu asubuhi. Mtu wa ofisi wa kweli angetuambia njooni kesho, halafu kesho hayupo. Wewe ulikuja mwenyewe, mapema, ukaamkia, ukaomba radhi. Shemeji akasema huyu ni tapeli, tena tapeli mzuri, tusimpoteze."

Mtaalamu aliinamisha kichwa. Alikuwa ameponzwa na adabu.

"Kuni," alisema Mzee Honi.

Bustani ya mji ilikuwa imejaa. Mkuu wa bustani alikuwa amesimama kwenye kijukwaa chenye vitambaa, watoto wa shule wamepangwa wakapanguka wenyewe Shangazi alipoonekana, na juu ya kijukwaa, kando ya mkuu, ameshika kipaza sauti kana kwamba alizaliwa nacho, alikuwa Mama Boila. Begani ametundika koti la buluu. Mzee Honi alimsimamisha Shangazi mbele yao taratibu kiasi kwamba hata kikombe cha chai kisingemwagika.

Shangwe zilipotulia, lori la Bwana Mizani likaingia likitoa vumbi. Akaruka chini, amevimba, kidole kimeshanyooka mbele.

"Na huyo anayekuja," Mama Boila alisema kwenye kipaza sauti, "ndiye mfadhili wetu!"

Watu wakageuka. Wakapiga makofi. Kidole cha Bwana Mizani kikabaki hewani, hakijui kiende wapi.

"Daraja letu liliibwa," Mama Boila akaendelea kwa sauti tamu. "Hatujui lilipimwa kwenye mizani ya nani, na leo ni siku ya furaha, hatuulizi. Lakini bwana huyu aliposikia kwamba Shangazi amekwama kwa kukosa daraja, alituletea kreni yake bure. Sijui nini kilimgusa. Bwana, njoo useme neno, au unalo la kutueleza kuhusu daraja?"

Mkuu wa bustani alimtazama Bwana Mizani kwa hamu ya kweli. Polisi aliyekuwa analinda watoto naye akamtazama. Bwana Mizani alikishusha kidole, akasema kwamba hana neno, kwamba ni mchango mdogo tu, na kwamba apewe maji ya kunywa.

"Na si huyo tu," alisema Mama Boila, akiingiza mkono kwenye koti la buluu. Kule kibandani, moyo wa Mtaalamu ulilia paa. "Kuna Mfuko wa Urithi wa Reli Nyembamba. Wengi hamjausikia. Hata sisi tulidhani haupo. Lakini leo mwakilishi wake amenikabidhi hii kwa mkono wake mwenyewe, niilete hapa, kwa ajili ya banda la Shangazi na mabenchi ya watoto." Bahasha nene ikapita hewani, ikatua kwenye viganja vya mkuu wa bustani, ambaye aliipima uzito, akapatwa na kikohozi cha furaha. "Mwakilishi ni yule pale! Wa zamu!"

Umati ukamgeukia Mtaalamu ukamshangilia. Hakuwahi kugeukiwa na watu wengi kiasi kile kwa nia njema. Aliinua mkono wenye malengelenge. Alikuwa anataka kulia, na kwa sababu ya moshi hakuna ambaye angejua, kwa hiyo akalia kidogo.

Baada ya hotuba Mama Boila alikuja mpaka chini ya kibanda, akamrushia koti. "Kama mboni ya jicho," alisema. "Mfuko tu ndio mwepesi."

"Mama, umeniua."

"Sijakuua. Nimekuajiri." Alimtazama ndani ya ovaroli ile ya marehemu. "Inakukaa. Sikujua kama ningependa kuiona tena juu ya mtu." Akaenda zake kwa magoti yake mabovu, kuwapanga watoto foleni.

Mtaalamu alivaa koti juu ya masizi. Hana bahasha, hana shati, lakini miguu ilikuwa bado mizima. Akakaribia mlango wa kibanda ashuke, apotelee kwenye umati. Ndipo alipomwona. Kwenye benchi la kwanza, hatua chache kutoka kidarajani, Bwana Mizani alikuwa ameketi na glasi yake ya maji, amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akimwangalia. Na kando yake, kwenye benchi lile lile, alikuwa amekuja kutazama treni bwana mmoja mnene. Alikuwa anamweleza Bwana Mizani habari ya kibanda fulani cha kona, na Bwana Mizani alikuwa anatikisa kichwa kwa kuelewa sana.

Bwana Mizani aliinuka, akaweka mguu kwenye kidaraja.

"Wewe! Shuka!" Mama Boila alifoka kutoka mwisho wa foleni. "Moto ukiwaka hapandi mtu ila wa zamu!"

Polisi akasogea. Bwana Mizani akashusha mguu, akarudi kwenye benchi, akaketi. "Hamna neno," alimwambia Mtaalamu kwa utulivu. "Moto utakufa. Mimi nina muda."

"Na mimi," alisema bwana mnene.

Watoto walikuwa wameshajaa mabehewa ya bustani yaliyofungwa nyuma ya Shangazi. Mzee Honi alivuta honi, akageuka.

"Naona moto unashuka, mwanangu. Tuache ufe, twende nyumbani, au vipi?"

Mtaalamu alilitazama benchi. Alilitazama tanuri, ambalo makaa yake yalianza kuwa mekundu hafifu. Akalivua koti la buluu, akalitundika kwenye ndoano ya marehemu, akatemea viganja mate, akainama juu ya rundo la kuni.

"Mzee," aliuliza, "kuni nyingine zipo wapi?"